Mnara Ulioangushwa Kisumu, na Majirani Tusiowajua

(Hotuba kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya akina mama, katika semina ya haki na amani. Tumeichapa jinsi ilivyosemwa, ila tumefupisha salamu.)

 

Nimeombwa niongee juu ya kuishi na watu wa dini nyingine. Mada hiyo ni pana na saa moja haitoshi. Kwa hivyo nitashika kisa kimoja tu, kisa cha hapa kwetu Kenya, ambacho nikikitaja katika mikutano watu huinamisha vichwa, au hucheka, au hukasirika.

Mwaka 2015 ndugu zetu Makalasinga wa Kisumu waliweka mnara mjini. Ulikuwa wa kuadhimisha miaka mia moja ya jamii yao na hekalu lao katika mji ule. Haukukaa. Maneno yalienea haraka kwamba ile ni alama ya shetani, kwamba mji umewekwa wakfu kwa nguvu za giza. Watu wakakusanyika, wakauangusha, wakauchoma moto. Habari hiyo ilitangazwa hata ng'ambo. Na walioangusha hawakuwa wezi wala walevi. Wengi walikuwa Wakristo, na waliamini kwamba wanamtetea Yesu.

Hapo ndipo pananiuma. Mwizi akivunja mali ya mtu, tunajua la kusema. Lakini mtu akivunja huku anaomba na kukemea mapepo, tunanyamaza. Wengine tunasema kimoyomoyo, “Pengine kulikuwa na kitu pale.”

Haya, hebu tuulizane. Hofu hiyo ilitoka wapi? Mimi sipendi kuwaita watu wajinga halafu nikaenda zangu. Hofu ina historia yake. Wale wa umri wangu mnakumbuka tulivyokuwa shuleni miaka ya tisini. Tuliambiwa usipande gari la mtu usiyemjua, usipokee pete, usiokote pesa njiani, kwa sababu waabudu shetani wako kila mahali. Mabweni yalikuwa hayalaliki kwa hadithi hizo. Na hazikuwa hadithi za watoto tu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada za shetani nchini, na mwenyekiti wake alikuwa askofu wetu wa Kikatoliki, Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake ilifika Bungeni mwaka 1999 na ilisema ibada hizo zipo. Sasa mwananchi afikirie nini? Serikali imesema, askofu amesema. Kutoka hapo kila alama ya kigeni ikawa ya kushukiwa: nyota, duara, nyoka, jicho, panga. Kwa hivyo aliyeona mnara wa Makalasinga na kuogopa alikuwa amefundishwa kuogopa kwa zaidi ya miaka ishirini, na sisi wa makanisa tulikuwa miongoni mwa walimu wake.

Lakini hofu, hata ikiwa na sababu, haijibu swali. Swali ni: hawa jirani zetu wanaamini nini hasa?

Nimeuliza swali hilo katika jumuiya nyingi. Majibu huwa yale yale. “Hao wanavaa kilemba.” “Ni mafundi wa magari.” “Wanaabudu ng'ombe.” Jamani, wanaoheshimu ng'ombe ni Wahindu, na hata hao hawaabudu kama mnavyofikiri. Kalasinga ni mtu wa dini nyingine kabisa. Wenyewe hujiita Sikh, neno lenye maana ya mwanafunzi. Jina letu la Kalasinga latokana na Kala Singh, mfanyabiashara wa zamani hapa nchini, na limezoeleka tu, si tusi.

Dini yao ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika nchi ya Punjab. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, hakuzaliwa, na watu wote ni sawa mbele yake, tajiri na maskini, wa ukoo wa juu na wa chini. Baada yake walikuja maguru wengine tisa. Tangu hapo guru wao ni kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, ambacho ukiingia hekaluni utakikuta kimewekwa mahali pa heshima. Hutakuta sanamu ya kuabudiwa. Hawaruhusiwi! Hapo ndipo kisa cha Kisumu kinapokuwa kichungu. Watu walioangusha mnara kwa kisa cha ile amri ya sanamu walikuwa wanawaadhibu watu ambao katika jambo la sanamu ni wakali kutushinda sisi Wakatoliki.

Na zile panga? Mkipita karibu na hekalu lao mtaona alama yao, inaitwa Khanda. Katikati kuna upanga wenye makali pande mbili, umezungushiwa duara, na kando kuna panga mbili zilizopinda. Duara ni Mungu asiye na mwanzo wala mwisho. Panga mbili za kando ni wajibu wa mtu katika mambo ya roho na wajibu wake katika mambo ya dunia. Mimi kama mfanyakazi wa maendeleo naipenda sana hiyo maana, kwa sababu ni yale tunayohubiri hapa kila siku, kwamba sala bila choo safi na maji safi ni nusu ya kazi. Mtu asiyeelezwa ataona panga tu na kukimbia. Basi tujiulize: mgeni asiyejua kitu akiingia kanisani kwetu, akaona mtu amepigiliwa misumari ukutani, damu inatoka ubavuni, halafu akasikia Padre anatualika tule mwili na tunywe damu, ataenda kusimulia nini kwao? Msicheke. Wakristo wa kwanza kule Roma walishitakiwa hivyo hivyo, kwamba wanakula watu. Na hapa mtaani, wako ndugu zetu wa makanisa mengine wakipita mbele ya Mama Maria pale langoni wanageuza uso. Nyinyi mnajua wanavyosema.

Nirudi Kisumu. Ati Makalasinga ni wageni, waliweka mnara katika mji wa watu. Tuangalie wageni hao walikuja lini. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, mwaka 1901. Port Florence ndio Kisumu ya leo. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 walikufa njiani kwa magonjwa, ajali na simba. Kati yao walikuwamo Makalasinga wengi, waashi, maseremala, wafua chuma. Basi mji na Kalasinga walifika karibu siku moja. Mtu ambaye babu wa babu yake alilaza reli iliyouzaa mji, bado tunamwita mgeni. Na mimi niliyehamia huko juzi kwa basi kutafuta kazi, naitwa mwenyeji. Hesabu hiyo sijaielewa.

Wazee mnamkumbuka Joginder Singh, yule bingwa wa Safari Rally aliyeshinda 1965, 1974 na 1976. Watoto wote walitaka kuendesha kama yeye. Wachezaji wa hoki walioipeleka Kenya Olimpiki, wengi wao walikuwa na vilemba. Hao tuliwapigia makofi kama Wakenya. Lakini wa maana zaidi kwangu ni mwingine, na nasikitika vijana wengi hawalijui jina lake: Makhan Singh.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Baba yake alikuwa na kazi ya kupiga chapa Nairobi. Mwaka 1935 alisaidia kuanzisha chama cha wafanyakazi ambacho kilifungua mlango kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo serikali ya wakoloni haikulitaka hata kidogo. Mwezi wa tatu mwaka 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, na wakubwa wakafanya sherehe, vyama vya wafanyakazi ambavyo yeye na Fred Kubai walikuwa viongozi wake viliwaambia watu wasihudhurie. Walikuwa wanauliza jiji ni la nani, ikiwa mfanyakazi analala kumi chumba kimoja. Mwezi uliofuata, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo wengi waliogopa kulitamka neno hilo hadharani. Mwezi wa tano wakamshika. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Aliwekwa kizuizini mpaka 1961. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miaka kumi na moja. Alikufa 1973, na ukitembea Nairobi leo utaona sanamu za mashujaa wengine kabla ya kusikia habari zake.

Namtaja Makhan Singh kwa sababu nyingine pia, na hapa niwe mwangalifu. Mimi naamini kwamba hasira ya siku ile Kisumu haikuwa ya shetani peke yake. Nimefanya kazi mitaani kwa miaka mingi, nasikia watu. Kijana anabeba magunia katika duka au kiwanda cha Mhindi tangu asubuhi, jioni anapewa kitu kidogo, hana barua ya kazi, akiugua hana wa kumtazama. Akipita barabarani akaona mnara unang'aa wa watu wenye rangi ile ile ya mwajiri wake, moyo unamwambia, “Na huu pia ni wao.” Yeye hatofautishi Mhindu, Mwislamu wala Kalasinga. Kwake wote ni Mhindi. Shida ya mshahara ni ya kweli na lazima tuiseme. Lakini ina mahali pake: chama cha wafanyakazi, afisa wa leba, na hata mwajiri mwenyewe akiendewa na watu kumi wenye nia moja. Mnara ukichomwa, mshahara unaongezeka kwa shilingi ngapi?

Wako watakaosema, “Mwalimu, Gideoni alivunja madhabahu ya Baali, naye Mungu alimtuma.” Ni kweli, kimo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya sita. Lakini kisomeni chote. Madhabahu ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya baba yake mzazi. Gideoni alianzia nyumbani kwao, hakwenda kwa jirani. Ninyi wanaume wa hapa, nani yuko tayari kuanzia kwa baba yake? Kisha someni Matendo ya Mitume. Paulo alifika Athene, mji umejaa sanamu kila kona, na moyo wake ukafadhaika sana. Alishika nyundo? Hakushika. Alienda sokoni akaongea na watu siku kwa siku, na hata akaitumia madhabahu yao moja kama mlango wa kuanzia mazungumzo. Halafu Efeso, katika sura ya kumi na tisa, kulitokea fujo kubwa, mji mzima ukajaa kelele, na Biblia inatuambia wengi waliokuwa pale hawakujua hata wamekusanyikia nini. Nikisoma hapo huwa naona miji yetu kabisa! Aliyetuliza watu alikuwa karani wa mji, mtu wa ofisi, asiye Mkristo. Alisema hawa Wakristo hawajaiba hekaluni wala hawajamtukana mungu wetu, na mwenye mashitaka aende kortini, korti ziko wazi. Yaani siku ile tulitetewa na mtu wa dini nyingine kwa sababu wakubwa wetu walikuwa na tabia ya kuheshimu cha watu.

Jambo la mashujaa na mashetani pia lina mafunzo hapa kwetu. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wakati ule makanisani ilihubiriwa kwamba kiapo cha Mau Mau ni kazi ya shetani, na Wakristo wengi waliamini hivyo kwa moyo wote. Miaka hamsini baadaye, tarehe hiyo hiyo ya mwaka 2007, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Na tarehe 12 Septemba 2015, siku chache tu baada ya fujo za Kisumu, mnara wa wahanga wa Mau Mau ulizinduliwa bustani ya Uhuru, na aliyetoa pesa ni serikali ya Uingereza, ile ile iliyowatesa. Leo mtu akitaka kuuchoma ule mnara kwa sababu ya viapo, tutamwambia nini?

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kila mnara unaowekwa tuupigie makofi. Mwananchi ana haki ya kuuliza. Mji ni wa wote, na barabara ni ya wote. Ninyi mnafahamu habari za mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa sitini ndani ya bustani ya Uhuru, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai, msichana aliyesomeshwa na masista pale Limuru, alipinga. Hakuwa na bunduki wala petroli. Aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa maofisa wa serikali, kwa mashirika, kwa mabalozi. Alitukanwa mpaka Bungeni. Lakini wenye pesa za ng'ambo waliogopa, mradi ukafa, na bustani ipo hadi leo. Hiyo ilikuwa kazi ya kalamu na subira.

Na juzi juzi, Agosti 2024, wakati Eldoret ilikuwa inangojea kupewa hadhi ya jiji, ziliwekwa sanamu za wanariadha. Watu walizitazama wakacheka mpaka wakalia. Kumbukeni michezo ya Paris ilikuwa imekwisha siku chache tu, na Beatrice Chebet alikuwa ameleta dhahabu mbili, Faith Kipyegon moja, Emmanuel Wanyonyi moja. Watu wakauliza, hawa ndio mabingwa wetu, mbona wanafanana na watu wasiokula? Picha zikasambaa kwa simu nchi nzima. Katika siku chache sanamu zikaondolewa, na hakuna aliyepigwa jiwe. Mimi nilicheka pia, lakini nikauliza jambo ambalo wachache waliliuliza: pesa zilizotumika ni za nani, na kwa nini wachongaji wetu wazuri hawakutafutwa mapema? Kicheko kiliondoa sanamu, ila hakikujibu hesabu.

Katiba ya 2010 inatupa njia. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Kifungu cha 37 kinakuruhusu kuandamana, lakini kwa amani na bila silaha, na mtungi wa petroli ni silaha. Kifungu cha 32 kinamlinda kila mtu katika dini yake, kuiamini na kuionyesha, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani. Hapo kwenye “hadharani” Kalasinga yuko ndani sawa na sisi tunapotembea na Ekaristi barabarani siku ya Corpus Christi tukifunga magari. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Hulipi kitu kuandika ombi. Katibu wa jumuiya aandike, watu watie sahihi na namba za vitambulisho, nakala moja mbaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkisahau muhuri mmeandika bure, ofisi zetu mnazijua.

Nafikiri pia hata wanaoweka minara wana wajibu. Ukitaka kuweka kitu mahali ambapo watu elfu wanapita, weka na maandishi ya lugha wanayoijua, Kiswahili na lugha ya pale, ueleze ni nini na kwa nini. Ita majirani kabla ya kuzindua. Wape chai. Makalasinga wanajua kulisha watu kuliko sisi sote. Kila hekalu lao lina jiko, na yeyote anayeingia anapewa chakula bure, awe wa dini gani. Wanaketi chini, tajiri na ombaomba kwenye mkeka mmoja, ili pasiwe na mkubwa. Wale madereva na mautingo waliosafiri njia ya Mombasa wanapajua Makindu. Hekalu lile lilijengwa 1926 na bado msafiri anapata chapati, dengu na chai bila kuulizwa kadi ya ubatizo. Nimewahi kula pale mimi mwenyewe, na sikuona shetani. Niliona wazee wakiosha masufuria.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko liitwalo Nostra Aetate juu ya dini zisizo za Kikristo. Masingasinga hawakutajwa kwa jina mle, lakini tamko lasema Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Linataka tuongee nao na kufanya kazi pamoja nao. Ni miaka mingi sasa. Katika jumuiya zetu ishirini na kitu, ni ngapi zimewahi kuketi na Kalasinga hata dakika kumi?

Basi nimezungumza na mzee mmoja wa hekalu lao, naye amekubali tuwatembelee Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili. Tutakwenda watu thelathini, si zaidi, kwa sababu ya matatu moja. Kila jumuiya itoe mtu mmoja, na naomba asiwe mwenyekiti kila mara, tumeni kijana na tumeni yule mama anayeogopa zaidi. Nauli ni shilingi mia moja kwenda na kurudi, mpeni katekista kabla ya Ijumaa. Kule tunavua viatu mlangoni, kwa hivyo soksi ziwe zimefuliwa. Kila mtu afunike kichwa, wanaume pia, leso inatosha. Sigara na pombe haziingii hata mfukoni. Chakula kipo, msibebe. Na mwenye swali gumu aje nalo, hata lile la panga, amwulize mwenyewe.

Sasa naona mama wa jikoni ananipungia mkono, ugali unapoa. Maswali tutayachukua baada ya kula.